Viwanda Vingi, Sangara Wachache

Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alihamishwa kutoka Ziwa Albert katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya mabishano makali kati ya wataalamu wa uvuvi wa enzi ya ukoloni. Waliomtaka walisema ziwa limejaa visamaki visivyo na soko, basi aletwe mkubwa wa kuvila. Waliompinga walionya kwamba akishaingia hatolewi.

Kwa zaidi ya miaka 20 hakuonekana kuwa na madhara makubwa. Miaka ya 1980 akafumuka. Mamia ya aina za visamaki vya asili, nkejje wakiwemo, wakaadimika au kutoweka kabisa, na wavuvi waliozoea kutega ngege wakaanza kuvuta nyavuni samaki wa kubebwa na wanaume wawili.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa na njaa ya minofu myeupe isiyo na miba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikaota kando ya maji upande wa Uganda: Luzira na maeneo mengine ya Kampala, Entebbe karibu na uwanja wa ndege, hadi Jinja. Samaki akishavuliwa huwekwa kwenye barafu botini, hupakiwa kwenye lori mwaloni, kisha hufika mbele ya mstari wa watu wenye makoti meupe na gamboti. Kisu hupita ubavuni, ngozi huvuliwa, miba midogo hung'olewa. Kinachosafiri kwenda Ulaya ni chini ya nusu ya uzito wa samaki. Kichwa na mifupa hubaki Afrika Mashariki vikaangwe: mapanki kwa watu wa Mwanza, mgongo wazi kwa wa Kisumu.

Biashara hiyo iliyumba mara kadhaa kwa sababu ya usafi. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango, mara kwa hofu ya bakteria, mara kwa kipindupindu, na mwishowe kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Uganda iliitikia kwa bidii. Mialo kadhaa ilitiwa sakafu ya zege na maji safi, wakaguzi wakapewa meno, na soko likafunguliwa tena. Kufikia 2005 nchi iliuza nje tani zipatazo 39,000, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 140. Katika miaka hiyo ni kahawa pekee iliyoleta fedha nyingi za kigeni kuliko samaki.

Kilichosahaulika ni hesabu ya samaki wenyewe. Viwanda vilifika takriban 20, na uwezo wao wa kukata minofu ulizidi kile ambacho ziwa lingeweza kutoa. Kiwanda chenye mkopo wa benki hakiwezi kukaa bure, kwa hiyo samaki mdogo naye akapata mnunuzi. Miaka kumi baada ya kilele hicho cha 2005, mauzo ya nje hayakufika tani 20,000. Lakini bei ya kilo ilikuwa imepanda, mapato kwa dola hayakuporomoka kwa kiasi hicho, na aliyesoma safu ya fedha tu angedhani mambo si mabaya sana. Milango ya viwanda vingi ilikuwa imeshafungwa.

Kisha likaja bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki. Wachina hukinunua kikiwa kikavu kwa bei inayoiacha mbali sana ile ya mnofu, na kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo lake linavyothaminiwa zaidi. Wakubwa hao kwa kawaida ni majike, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni. Mdogo anawindwa, mama yake naye anawindwa.

Mwishoni mwa 2015 Rais Museveni alisimamisha kamati zilizosimamia uvuvi kwenye mialo, ambazo zilituhumiwa kula rushwa. Mwaka 2017 akapeleka jeshi ziwani. Askari walichoma nyavu za macho madogo na boti zisizofika urefu wa futi 28, na malalamiko ya vipigo yakafika hadi bungeni. Haiwezi kukanushwa kwamba baadaye samaki waliongezeka viwandani na mapato yakapanda. Lakini mwenye boti ndogo ndiye aliyebeba mzigo. Kununua boti ya futi 28, injini na nyavu halali ni mtaji asioupata mtu anayevua apate ada ya shule.

Ni kweli kwamba samaki wachanga wengi hawapiti kiwandani kabisa; hukaushwa au kutiwa chumvi na kuvushwa mipaka kwenda Kongo na kwingineko. Hata hivyo, milango ya viwanda inahesabika, na rula ya kukataa sangara wasiofika sentimita 50 ingeweza kusimama pale tangu mwanzo, kabla ya bunduki kufika majini.

Siku hizi si sangara bali dagaa, mukene kwa Waganda, anayeongoza kwa uzito kati ya wote wanaovuliwa Ziwa Viktoria. Huanikwa juani, sehemu kubwa na wanawake, hutiwa kwenye magunia, na wengi wao huishia kusagwa kuwa chakula cha kuku.