Je, Wajua? Kabla ya Kupanda Chombo cha Kwenda Kisite

Je, wajua kwamba mtu wa Mautuma, kule Lugari, anayetamani kushinda baharini siku nzima hana haja ya kufika visiwa vya Ugiriki? Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini kabisa mwa pwani yetu ya Kenya, na vyombo huondokea Shimoni, Kaunti ya Kwale. Huko kuna pomboo, kasa na matumbawe.

Chagua msimu kwanza, kabla hata ya bei. Kaskazi inapovuma, takriban Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi ikishika kasi, mawimbi hukua na matumbawe huonekana kwa shida. Wengi huulizia chakula wakasahau upepo, ilhali upepo ndio unaoamua siku itakuwaje.

Kisha tazama chombo chenyewe. Katamarani ina matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa sitaha, kwa hiyo haiendi mrama kama mashua ya tumbo moja. Anayeogopa kichefuchefu aipendelee. Wavuvi wa Pwani wameijua siri hii tangu zamani: ngalawa huwekewa mbao ubavuni, pande zote mbili, isipinduke.

Uliza pia kama ada ya hifadhi, inayolipwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), imo ndani ya bei. Na jaketi za kuokoa maisha zimtoshe kila abiria, watoto wakiwa na za saizi yao. Zikipungua, usipande, hata kama umesafiri usiku kucha kutoka Lugari.