Kwa Nini Mafuta ya Moto Huruka, na Jinsi ya Kumkinga Mtoto

Mafuta yanapokurukia ukikaanga samaki, ni rahisi kusema ni bahati mbaya tu. Kwa kweli kuruka kwa mafuta kuna kanuni zake, na wanahisabati huzipigia hesabu. Ukizielewa, unaweza kupunguza hatari kabla hujawasha jiko. Kwa mtoto mdogo jambo hili ni zito zaidi: ngozi yake ni nyembamba kuliko yako, na jiko likiwa chini, uso wake uko sawa na karai.

Nini hutokea kimiminika kinapogongwa?

Tone likianguka juu ya kimiminika, huchimba shimo dogo. Ukingo wa shimo huinuka kama taji, kisha humegeka kuwa vitone vinavyoruka. Mwanasayansi Mwingereza Arthur Worthington alionyesha hatua hizi kwa picha katika kitabu chake cha mwaka 1908.

Ili kukadiria kama kimiminika kitamegeka, watafiti hutumia namba ya Weber. Namba hii hulinganisha mambo mawili yanayoshindana: kishindo cha kitu kinachoanguka, na mvutano wa uso, yaani ule ukazo unaolifanya tone la maji libaki la mviringo juu ya jani. Kishindo kikizidi sana, kimiminika huruka.

Chukua tone la maji. Likianguka kutoka sentimita 5, hugonga kwa kasi ya karibu mita 1 kwa sekunde. Kutoka sentimita 20, kasi ni karibu mita 2 kwa sekunde. Kasi imeongezeka mara 2, lakini namba ya Weber imeongezeka mara 4. Ndiyo maana kipande cha samaki kinachotupwa kutoka juu hurusha mafuta mengi kuliko kinachotelezeshwa taratibu. Mafuta ya moto pia yana mvutano wa uso ulio chini ya nusu ya ule wa maji, kwa hiyo humegeka kwa urahisi zaidi.

Je, maji yakiingia kwenye mafuta?

Hapa hatari huwa kubwa zaidi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 170 hadi 190. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama, kisha hugeuka mvuke ghafla. Lita 1 ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo hutafuta njia ya kutoka na kuyarusha mafuta yaliyo juu yake.

Unachoweza kufanya

- Kausha samaki, viazi au mihogo kwa kitambaa safi kabla ya kukaanga.
- Shusha chakula karibu kabisa na mafuta, kwa kijiko cha matundu au koleo, ukikielekeza upande usio wako.
- Usijaze karai. Mafuta yasizidi nusu.
- Mweke mtoto umbali wa angalau mita 1 kutoka jikoni. Usikaange ukiwa umembeba mgongoni au mapajani.
- Geuza mshikio wa kikaango usielekee nje.

Moto ukiwaka kwenye mafuta, usimwagie maji kamwe: mvuke utarusha mafuta yanayowaka. Zima jiko kama unaweza kulifikia salama, funika karai kwa kifuniko cha chuma, na usilisogeze. Moto ukiwa mkubwa, toka nje na watoto na uite msaada.

Mtoto akiungua

1. Mwondoe kwenye hatari. Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, lakini usivute kilichogandia kwenye ngozi.
2. Poza jeraha kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asipate baridi.
3. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vitu hivi vinaweza kuleta maambukizi na kumzuia mhudumu kuona jeraha.
4. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Usipasue malengelenge.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au ameungua akiwa bado mchanga. Mafuta huwa na joto kuliko maji yanayochemka na hung'ang'ania kwenye ngozi, kwa hiyo jeraha dogo kwa macho linaweza kuwa limeingia ndani. Ukiwa na shaka, usisubiri kesho.