Fahamu: Kwa nini ubishi wa kutamka GIF hauishi

Steve Wilhite, aliyeongoza uundaji wa aina ya faili za picha iitwayo GIF katika kampuni ya CompuServe mwaka 1987, alipopewa tuzo ya Webby mwaka 2013 alisisitiza kwamba itamkwe "jif". Wanaoipinga kauli hiyo husema G yake inatokana na neno la Kiingereza graphics, hivyo iwe "gif". Hoja hiyo haisimami: P ya JPEG, aina nyingine ya faili za picha, inatokana na photographic, neno linaloanza kwa sauti ya f, lakini hakuna anayesema "jefegi". Kifupisho hakirithi sauti. Basi mwasisi ndiye aamue? Naye pia hapana, pamoja na heshima zote anazostahili, kwa kuwa matamshi huamuliwa na wasemaji, na hao wamegawanyika kwelikweli. Kumsahihisha mwanafunzi kwa kuchagua mojawapo ni kumwonea bure. Kamusi za Oxford zinakubali yote mawili.