Pembe za Mviringo Zisimle Msomaji Bando

Vijana wetu wa Pwani wanaojifunza kutengeneza tovuti wanapenda sana visanduku vyenye pembe za mviringo. Sina ugomvi nao, kwani kisanduku cha namna hiyo chapendeza. Ugomvi wangu ni pale urembo unapomla msomaji bando lake.

Zamani kazi hii ilikuwa na taabu. Vivinjari havikujua kuviringa pembe, kwa hivyo fundi alichora picha nne ndogo, moja kwa kila pembe, kisha akazipanga ndani ya jedwali au visanduku vilivyopandana. Ukitaka kubadilisha rangi, wachora zote nne upya. Na kila picha ilibidi iagizwe peke yake kutoka kwa seva, ukurasa ukazidi kukawia.

Kisha ikaja amri moja ya CSS: border-radius: 10px. Firefox na Safari zilitangulia kuielewa, lakini kila moja kwa namna yake: ya kwanza ilitaka itanguliziwe -moz-, ya pili -webkit-. Internet Explorer ilichelewa hadi toleo la 9, mwaka 2011. Toleo hilo nalo halikufanya kazi kwenye Windows XP, hivyo waliokuwa na kompyuta za zamani wakabaki na toleo la 8, lisiloijua amri hiyo kabisa.

Leo amri hiyo yatosha peke yake, bila vitangulizi. Kivinjari kisichoielewa huiruka tu: pembe zabaki za mraba, maandishi yabaki salama. Opera Mini, inayopendwa na wenye simu ndogo, nayo haionyeshi mviringo huo inapobana data kwa nguvu. Hapo msomaji hakupoteza kitu.

Kwa hivyo rai yangu kwa vijana ni hii: andika amri, kisha wachana nayo. Usirundike picha wala JavaScript ili kulazimisha kivinjari kikongwe kifanye kisichoweza. Mama anayetafuta siku ya kliniki, au mzee anayesoma tangazo la maziko, haja yake ni maneno yafunguke upesi.

Kabla hujamkabidhi mwenye tovuti kazi yake, ifungue kwenye simu ya zamani. Maneno yakisomeka na vitufe vikibonyezeka, basi kazi yako ni nzuri, hata pembe zikiwa za mraba.