Histogramu za Rangi na Mapaa ya Kibera na Kawangware

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi histogramu ya picha ya rangi inavyochorwa, na kwa nini haitoshi peke yake kutofautisha paa na ardhi.

Picha katika kompyuta ni jedwali la nukta. Kwa kawaida kila nukta hubeba namba tatu, yaani viwango vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Hivyo rangi zinazowezekana ni 16,777,216. Katika Kiswahili, mizizi ya rangi ipokeayo viambishi vya ngeli ni mitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu, kama kijivu kutokana na jivu. Kama vile neno moja linavyokusanya rangi nyingi, ndivyo pau moja ya histogramu inavyokusanya nukta nyingi.

Katika programu za hisabati kama MATLAB, picha hutenganishwa katika tabaka tatu, kisha kila tabaka huchorewa histogramu yake. Mhimili wa ulalo huonyesha viwango. Wa wima huonyesha idadi ya nukta.

Hapa pana hatari. Tuchukue picha yenye nukta mbili: (255, 0, 0), ambayo ni nyekundu, na (0, 255, 255), ambayo ni buluu iliyochanganyika na kijani. Tuchukue nyingine yenye nukta nyeupe (255, 255, 255) na nyeusi (0, 0, 0). Histogramu zao hazitofautiani hata kidogo, kwani katika kila tabaka mna 0 moja na 255 moja. Kutenganisha tabaka kumevunja uhusiano wa namba tatu za nukta moja.

Jambo hili si nadharia tupu. Katika picha za Kibera na Kawangware zilizopigwa kutoka angani, mabati yaliyoshika kutu hukaribiana kwa rangi na udongo mwekundu. Anayehesabu nyumba kwa histogramu ya nyekundu peke yake aweza kugeuza paa kuwa njia. Kibera yenyewe ilitajwa kwa miaka mingi kuwa na watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu 170,070. Mwaka huohuo vijana wa mtaa, katika mradi wa Map Kibera, walianza kuuchorea ramani kwa kutembea na vipokezi vya GPS.

Kwa hiyo yafaa namba tatu zihesabiwe pamoja. Kila mhimili ukigawanywa sehemu 8, hupatikana vyumba 512 vinavyohifadhi uhusiano huo. Na palipo na kutu na udongo wa rangi moja, hapana budi mtu aende kwa miguu akaangalie.