Kicheko cha Marehemu: Siku ya Kuganduka Mtaani Kamenge

Mpita njia akiingia Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, siku ya Jumamosi, aweza kukuta turubai limetandwa uani, viti vya kukodi vimepangwa safu kwa safu, makreti ya Primus yamerundikwa kivulini, na watu wakicheka mpaka machozi yawatoke. Atadhani ni arusi. Kumbe ni siku ya kumuaga baba mwenye nyumba, aliyefariki miezi mingi iliyopita.

Warundi huwaaga wafu wao kwa hatua mbili. Ya kwanza, guca ku mazi, hufanyika siku chache baada ya maziko. Ya pili ni kuganduka, nayo huja baadaye sana, pengine baada ya mwaka au zaidi, jamaa wakishapata nafasi na fedha. Katikati ya siku hizo mbili nyumba imo msibani.

Kuganduka ndiko kumkumbuka mtu jinsi alivyokuwa. Wenzake wa kazini hupewa nafasi, wakasimulia jinsi alivyopenda utani, jinsi alivyocheza dansi siku ya mshahara hata akasahau kofia yake kabare, na jinsi alivyokuwa wa kwanza kufika kazini kesho yake alfajiri, kichwa kikimgonga. Mkewe husikia mengine kwa mara ya kwanza. Hakuna anayeona haya, kwani mtu mchangamfu akisifiwa kwa nyuso zilizokunjwa huwa amezushiwa.

Kwa watu wa Kamenge siku hiyo ina thamani ya pekee. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita viliingia mitaa ya kaskazini, na mwaka 1995 wakazi wa Kamenge waliyakimbia makazi yao. Wako akina baba waliozikwa kwa haraka, bila hotuba wala kinywaji. Tena kati ya Desemba 2007 na mwisho wa mwaka 2024 askari wa Burundi walikuwa Somalia katika majeshi ya Umoja wa Afrika, na si wote waliorudi hai. Mtoto aliyemwacha baba yake angali mdogo humjua kwa maneno ya askari wenzake: alipika vipi, aliimba nini, alimcheka nani.

Lakini kicheko hukoma msemaji wa familia asimamapo. Huyu hutangaza mambo mazito: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze vilevile. Kisha hutajwa samuragwa, mrithi atakayeshika mahali pa baba. Hapo ndipo ukarimu wa marehemu unapopimwa, maana mtu wa watu hukopa na kukopesha bila kuandika, na siri zake hufa naye.

Mjane ndiye mwenye hofu kubwa. Urithi Burundi bado hufuata mila, kwa kuwa haijatungwa sheria ya urithi, na sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 huitambua ndoa iliyofungwa mbele ya serikali tu. Mwaka 2017 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa waihalalishe kabla ya mwaka kwisha. Wengi walikwenda, baadhi yao wakiwa na wajukuu tayari. Aliyeahirisha kwa mzaha, akisema mapenzi hayahitaji muhuri, alimwachia mkewe kazi ya kujieleza mbele ya mashemeji.

Hivyo msemaji akishamaliza kuuliza habari za madeni, watu wote huinamisha vichwa, mjane akihesabu moyoni. Pengine husimama mtu kutoka safu ya nyuma, asiyejulikana na jamaa, akaeleza kwamba marehemu alimkopesha karo ya mwanawe, na kwamba fedha hizo amezileta. Huzitoa mfukoni mbele ya wote, na kicheko huanza upya.