Una F ya Hisabati na unataka kwenda chuo? Anzia kwenye daftari lako la mauzo

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuweke pembeni mambo ya picha na matangazo. Tuongelee kitu kinachowazuia wengi wetu kimyakimya: ile F ya Hisabati kwenye cheti cha kidato cha nne.

Tunauza mtandaoni vizuri tu, na sasa wengine tunataka kusoma. Uhasibu, ununuzi na ugavi, usimamizi wa biashara. Unafungua sifa za kujiunga, unakuta kozi unayoitaka inadai ufaulu wa Hisabati, yaani angalau D. Hapo mtu anazima simu: "Mimi na hesabu hatuelewani." Dakika tano baadaye anamjibu mteja bei ya jozi 3, punguzo la asilimia 10, jumlisha na hela ya boda. Sasa hiyo ni nini kama si hesabu?

Mimi nilimaliza shule na hiyo F, nikafungua duka la viatu na mikoba. Mwaka jana nilirudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea huku nauza. Nimepata D. Si A, ila ni D inayofungua mlango. Nawaeleza nilivyojipanga.

1. HAKIKISHA KWANZA UNAIHITAJI

Si kila kozi inadai Hisabati. Soma mwongozo wa udahili wa NACTVET, kisha piga simu chuoni uulize kozi yako kwa jina. Kama inahitajika, ingia tovuti ya NECTA uangalie tarehe na ada. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa unalipa faini. Mtihani wenyewe ni Novemba. Kwa hiyo anayetaka kufanya mwaka huu asisubiri Septemba.

2. JUA HOFU INAFANYAJE KAZI

Kuogopa hesabu si ujinga. Ukiogopa, akili inabeba mizigo miwili: swali lenyewe, na ile sauti inayosema "utafeli tena". Nafasi ya kushika namba kichwani inabaki ndogo. Ndiyo maana swali unaloliweza dukani linakushinda kwenye chumba cha mtihani.

Dawa yake ni kutoshika kitu kichwani. Andika kila hatua, hata ile unayoiona ya kitoto. Ina faida mara mbili, kwa sababu msahihishaji anatoa alama kwenye hatua pia. Jibu la mwisho likikosewa, hatua zako bado zinakuokotea kitu.

3. PIGA HESABU YA ALAMA

D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Mtihani niliofanya ulikuwa na maswali 14 kwa saa 3. Sehemu A maswali 10, kila moja alama 6. Sehemu B maswali 4, kila moja alama 10.

Sasa fikiria kama muuzaji. Maswali 5 ya Sehemu A ukiyapata yote ni alama 30 tayari. Huhitaji kujua kila mada. Unahitaji mada saba au nane uzijue vizuri kabisa, ili hata ukiteleza mbili bado uko salama. Mimi nilichagua zinazofanana na kazi yangu: uwiano, faida na hasara, akaunti, viwango, takwimu, seti. Zile ngumu kwangu niliziacha mwisho.

4. TUMIA MFANO WA DUKANI

Faida. Kiatu umenunua 18,000, unauza 24,000. Faida ni 6,000. Ni asilimia ngapi? Wengi watasema 25, kwa sababu wamegawa kwa bei ya kuuzia. Mtihani ukiuliza asilimia ya faida, gawa kwa bei ya kununulia: 6,000 ÷ 18,000 × 100 = 33.3. Dukani namba zote mbili zina kazi. Ile 33.3 inakuambia mtaji wako umezaa kiasi gani. Ile 25 inakuambia kwamba ukitoa punguzo la asilimia 25, umemaliza faida yote.

Uwiano. Watu watatu mmesafirisha mzigo kwa pamoja, nauli 60,000. Mmoja ana vifurushi 3, mwingine 4, mwingine 5. Jumla ni 12, kila kifurushi ni 5,000. Kwa hiyo 15,000, 20,000 na 25,000. Hakuna ugomvi.

Hata ile mada ya kuchora grafu kutafuta faida kubwa zaidi ni ya kwetu. Una 300,000. Gauni linanunuliwa 15,000, faida yake 6,000. Mkoba 10,000, faida yake 5,000. Boda anabeba vipande 25 tu. Ununue vipi? Magauni peke yake yanaingia 20, faida 120,000. Mikoba peke yake inaingia 25, faida 125,000. Magauni 10 na mikoba 15 inamaliza hela yote na kujaza boda, faida 135,000. Kwenye grafu hizo ndizo kona unazozipima, na jibu ni kona inayolipa zaidi.

5. PAMBANA NA KIINGEREZA

Hili halisemwi sana. Mtihani uko kwa Kiingereza, na mara nyingi kinachotushinda ni sentensi, hesabu tunaiweza. Tengeneza daftari la maneno: upande mmoja neno la mtihani, upande wa pili neno la dukani. Ukikutana na "selling price", akili iseme bei ya kuuzia bila kufikiri. Maneno kama 60 hivi yanatosha kuanzia.

6. SOMA KIDOGO KILA SIKU

Sisi hatuna siku nzima ya kusoma, wateja wapo. Nilikuwa nafanya maswali 2 asubuhi kabla ya kuweka bidhaa mpya, na Jumapili mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa saa 3 kamili, simu iko mbali. Mara ya kwanza jasho litakutoka. Ukifika wa nane, saa inakuwa kitu cha kawaida. Swali ulilokosa lirudie baada ya siku tatu bila kuangalia jibu.

Siku yenyewe, pitia karatasi yote kwanza, anza na swali unalolijua. Ukipata la kwanza, moyo unatulia. Likikukwamisha zaidi ya dakika 15, ruka.

Ndugu yangu, kila mwaka zaidi ya nusu ya wanaofanya somo hili wanafeli, kwa hiyo hauko peke yako na hakuna cha kuonea aibu. Umri wako na duka lako si kikwazo. Una kitu ambacho hukuwa nacho ukiwa shuleni: sasa unajua kila namba ni hela ya mtu. Chukua daftari la mauzo ya wiki hii, tafuta asilimia ya faida ya bidhaa tano. Hilo ndilo zoezi lako la kwanza.